Jina la baba yake mwachieni

Mwanangu,

Assalaam aleykum. Umeniuliza mawili: je, huyo mtoto mliyekabidhiwa na ustawi wa jamii mumwandike jina la mumeo, na mtamwambia lini kwamba si wewe uliyemzaa?

Jina la baba yake mwachieni, maadam limo kwenye karatasi zake. Zaid alilelewa na Mtume mwenyewe, watu wakimwita Zaid bin Muhammad, mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab akarudi kuitwa Zaid bin Haritha. Mapenzi hayakupungua hata chembe. Kaka yako, tuliyemlea bila kumzaa, naye amekulia hapa Ngamiani na jina la baba yake mzazi. Madrasa walipomsumbua mbona majina yenu hayafanani, baba yako, Mungu amrehemu, alikwenda akasema mbele ya watoto wote: "Huyu ni mwanangu, na mzazi wake ni fulani," akalitaja jina zima. Maneno yakakoma.

Ukimwachia jina lake, hata hilo swali la pili linakuwa jepesi. Usingoje afikie umri fulani ndipo mumwite sebuleni. Anza sasa, unapomwogesha, unapomlisha uji: mama yako alikuwa hivi, ulikuja kwetu siku ya mvua. Haelewi bado, lakini ulimi wako utazoea, naye atakua akilijua jambo hilo kama anavyolijua jina lake. Ninachokiogopa mimi ni asikie bombani, kwa jirani aliyekasirika.

Sasa lile ambalo hukuuliza, nalo halingoji. Mdogo wako ananyonyesha. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mtoto wa kunyonya wa aliyemnyonyesha, na wewe unakuwa mama yake mkubwa. Hapo akibaleghe hana haja ya kukuonea haya, wala wewe ya kujitanda mbele yake. Kaka yako alikuja akiwa ameshapita umri huo, ndiyo maana uliniona nikivuta mtandio akiingia, ukaniuliza kama nimemkasirikia. Sikumkasirikia hata siku moja. Mdogo wako apime kwanza kliniki, halafu muulizeni shehe awaeleze vizuri hizo mara tano.

Kulea kwenyewe, mwanangu, watu watakuangalia mkono. Ukimchapa watasema kwa kuwa si wake. Usipomchapa watasema anamwogopa. Waache waseme. Mimi kosa la kaka yako nililihukumu kama kosa lako, na sinia lilikuwa moja, kichwa cha samaki kwa zamu. Usimdekeze kwa kumwonea huruma, maana mtoto huiona huruma hiyo upesi sana, na huanza kujiona mgeni anayestahiwa. Mpe kazi: achukue ndoo, atumwe dukani, agombane na wenzake na wewe usikimbilie kuamua. Wageni wakiuliza "huyu ndiye yule wa kulea?" jibu "ni mwanangu", kisha endelea kumimina chai.

Mirathi isikunyime usingizi. Kwa dini yetu harithi kwenu, lakini mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali, au kumpa hiba, yaani zawadi, mngali hai. Baba yako alimpa kaka yako kile kiwanja cha Pongwe kwa hiba, akamkabidhi mbele ya mashahidi, nawe ulikuwepo. Mkitaka kumuasili, yaani awe mwanenu kiserikali, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, hilo huamuliwa na Mahakama Kuu. Afisa ustawi awaeleze taratibu, na shehe awaambie nini kinabaki vilevile kwa dini.

Nimeshazungumza na mdogo wako, amekubali. Mtumieni nauli ya basi aje na mwanawe akae kwenu wiki mbili. Mkwe wangu nisalimie sana.

Mama yako,
Tanga