Kwa nini kijito chetu kimetoka kikubwa kuliko kilivyo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma kidato cha tatu, Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika somo la jiografia tulitoka kwenda kupima kiasi cha maji yanayopita kwenye kijito kinachoingia mto Luiche. Tulirusha chupa tupu ya maji, ikaenda mita 20 kwa sekunde 40. Upana ni mita 6, na kina pale katikati ni sentimita 90. Tukazidisha upana, kina na kasi, tukapata mita za ujazo 2.7 kwa sekunde. Mwalimu anasema kanuni ni sahihi ila jibu limezidi. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mwalimu yuko sahihi. Kanuni yenu ni nzuri. Tatizo ni kwamba mmekipima kijito kama vile ni sanduku, chini tambarare na kuta zimesimama wima.

Kina cha katikati ndicho kirefu kuliko vyote, nanyi mmekitumia mto mzima. Rudini na kamba yenye fundo kila mita moja, ifungeni ng'ambo hadi ng'ambo kwenye vigingi, kisha pimeni kina chini ya kila fundo. Mti wa kupimia mkitumia bapa, ubavu mwembamba uelekee maji yanakotoka. Ukiweka upande mpana, maji yanapanda mbele yake kwa sentimita mbili tatu na utasoma uongo. Hili nimeliona mara nyingi, hata kwa watu wazima wenye vyeti.

Tuseme mmepata, kutoka ukingo hadi ukingo: 0, 0.2, 0.5, 0.9, 0.6, 0.3, 0. Kwa kuwa fundo zimeachana mita moja na kingo zote mbili ni sifuri, jumlisheni tu: eneo la mkato wa mto, yaani umbo la maji kama mngeyakata wima kutoka ukingo hadi ukingo, ni mita za mraba 2.5. Ninyi mlikuwa mmetumia 6 mara 0.9, yaani 5.4. Zaidi ya nusu ya maji yenu hayakuwepo.

Kosa la pili ni kasi. Chupa inapita juu, na maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, ambayo yanasuguana na mawe na mchanga. Ndiyo maana kasi ya juu huzidishwa kwa namba iliyo kati ya 0.8 na 0.9, wengi tunatumia 0.85, na penye mawe mengi tunashuka. Mita 20 kwa sekunde 40 ni 0.5. Basi 2.5 mara 0.5 mara 0.85 ni kama 1.06. Hapo ndipo kijito chenu kilipo.

Tena chupa tupu haifai. Inaelea juu juu, na upepo wa ziwani unaisukuma utakavyo. Ijazeni maji nusu, au tumieni chungwa, ambalo karibu lote linazama. Lirusheni mita kadhaa kabla ya mstari wa kuanzia ili lishike kwanza kasi ya maji, na mrudie mara tano: kushoto, katikati, kulia. Safari moja tu haitoshi. Chagueni mahali paliponyooka, pasipo kona wala gogo.

Usalama nausema kwa uzito. Karibu na ziwa msiingie majini kabisa, mamba wapo. Hata huku juu, maji yaliyotulia yenye majani huwa na konokono wa kichocho, kwa hiyo vaeni mabuti ya mpira na mwalimu awepo.

Nawaomba sana mpime tena mwezi Machi, mvua zikiwa zimekolea, kwa kutumia chungwa mkiwa ukingoni bila kuingia. Mkato mlioupima kiangazi uchoreni kwenye karatasi ya grafu, kisha mchore juu yake mstari wa maji ya masika. Pembeni andikeni saa, rangi ya maji, na kama jana yake mvua ilinyesha.