Asidi ya laktiki imetoka mchanganyiko: tuisafishe vipi?

SWALI: Tunachachusha glukosi kupata asidi ya laktiki ya kutengenezea plastiki ya PLA. Mbegu, yaani bakteria wa kuchachusha, tunachukua kwenye mtindi wa nyumbani. Asidi inatoka nyingi, ila kipimo kinaonyesha L asilimia 62, D asilimia 38. Tunataka L tupu. Tuchuje namna gani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kuchuja hakutawasaidia. L na D ni maumbo mawili ya asidi ileile, kama ndara ya kulia na ya kushoto: uzito mmoja, na kwenye maji zinayeyuka sawasawa. Anayeamua mkono ni bakteria, basi rekebisheni mbegu.

Mtindi wa nyumbani hubeba bakteria wa kila namna. Lactobacillus delbrueckii hutoa D. Lactiplantibacillus plantarum hutoa zote mbili, tena ana kimeng'enya (enzaimu) kinachoigeuza L kuwa D. Tafuteni mbegu ya aina moja iliyotambuliwa maabara. Sisi tungechukua Bacillus coagulans: hutoa L, na hustawi kwenye nyuzi 50 za Selsiasi, joto ambalo plantarum haliwezi.

Kwa lita 1 wekeni glukosi gramu 100, dondoo ya hamira gramu 10 na kalsiamu kaboneti gramu 60. Glukosi itakaseni peke yake, nyuzi 121 kwa dakika 15; ikipikwa pamoja na dondoo hugeuka kahawia na kudumaza bakteria. Kaboneti msiipunguze. Gramu 100 za glukosi zinaweza kutoa karibu gramu 100 za asidi, nayo hula gramu 56 za kaboneti. Ikipungua, pH (kipimo cha uasidi) hushuka chini ya 4 na bakteria husimama huku sukari ingalipo. Lengeni pH 5.5 hadi 6.5, mkikoroga taratibu ili unga usitue chini. Msibadilishe dondoo kwa maji yaliyolowekewa mahindi kwa kuwa ni rahisi: yameshachacha, yanakuja na D yake.

Chujeni kungali moto, maana laktati ya kalsiamu, yaani asidi yenu iliyoshikana na kalsiamu, ikipoa huganda kama uji mzito. Asidi ya salfa ndiyo huikomboa asidi yenu, na jasi hubaki kwenye chujio.

Kupima asidi kwa magadi hakuoni mkono. Tumieni vimeng'enya viwili vya dihidrojenasi, kimoja cha L na kimoja cha D, msome NADH, kemikali ambayo vimeng'enya hivyo huizalisha, kwa mwanga wa nanomita 340. Pimeni sukari ikiwa nusu, kisha tena ikiisha. D ikipanda kati ya vipimo hivyo viwili, kuna mgeni ameingia kwenye pipa: mwageni, takaseni upya.