Mama hakuvuta sigara: "p53 chanya" ina maana gani?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Kisumu. Mama yangu ana umri wa miaka 58 na hajawahi kuvuta sigara, ila amebanika samaki aina ya mbuta kwa moshi wa kuni kwa zaidi ya miaka 20. Alikohoa muda mrefu akatibiwa kifua kikuu, ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea, na hatimaye kinyama kilichotolewa pafuni kikaonyesha saratani aina ya adenokasinoma. Ripoti inasema protini ya p53 ni "chanya kwa nguvu". Nimesoma kwamba p53 huzuia uvimbe. Je, kuwa nayo kwa wingi si heri? Na sisi watoto tumeirithi hali hiyo?

JIBU: Pole sana, binti yangu, na umfikishie mama pole zangu.

Kazi ya p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, ni kukagua seli inayojiandaa kugawanyika: ikikuta jeni zimeharibika husimamisha mgawanyiko mpaka zitengenezwe, na zisipotengenezeka huiamuru seli ife. Seli yenye afya haiweki akiba ya protini hii, kwani huiunda na kuivunja papo hapo. Ndiyo sababu fundi wa maabara akipaka rangi kipande cha pafu lenye afya, viini huonekana samawati, na kahawia kidogo tu hapa na pale. Jeni yake, TP53, inapopata hitilafu, mara nyingi protini mbovu haivunjwi tena, hujirundika kiinini, na chini ya hadubini uvimbe wote hukolea kahawia. Kwa hiyo wingi ulioandikwa kwenye ripoti huashiria mlinzi aliyepo lakini hafanyi kazi. Wapo pia wagonjwa ambao jeni yao imevunjika kabisa na rangi haishiki hata kidogo, hivyo "hasi" nayo isimtulize mtu.

Kwa wavuta sigara, benzopirini, kemikali ya moshi wa tumbaku, huacha alama yake ndani ya TP53, herufi G ya maandishi ya jeni ikigeuka T, na katika saratani ya mapafu ya seli ndogo, ambayo takriban wagonjwa wote ni wavutaji, p53 huharibika karibu kila mara pamoja na mlinzi mwingine aitwaye RB. Asiyevuta, hasa mwanamke, akipata saratani ya mapafu aghalabu huwa ni adenokasinoma, na uwezekano wa kukuta mabadiliko katika EGFR, jeni inayohimiza seli kukua, huwa mkubwa zaidi kwake. Hapa ndipo ninapokusihi uelekeze nguvu zako, kwa sababu majibu ya p53 hayachagui dawa ya mama, lakini ya EGFR huchagua, na vidonge vyake vipo.

Kuhusu moshi wa kuni ndani ya nyumba, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Mama asilaumiwe kwa kazi iliyowalea.

Kwa kawaida hitilafu hizi huzuka pafuni maishani mwa mtu, wala hazirithiwi. TP53 mbovu ya kurithi ni nadra, nayo hushukiwa katika ukoo ambao saratani za matiti, mifupa au ubongo zimewapata kadhaa wangali wadogo.

Nenda na ripoti kwa daktari wake, umuulize kama kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kinatosha kupimwa EGFR na jeni nyingine iitwayo ALK, kabla hakijakatwa chote kwa vipimo vingine.