Ukitaka ukocha, anza kutazama

Vijana wetu wanaosoma Marekani huniuliza njia ya kuingia kwenye ukocha. Mimi nilicheza futiboli ya Kimarekani chuoni, msimu ukiisha nahamia mbio za mita 100 na 200, na sasa nafundisha mbio shule ya sekondari. Ninaloliamini ni hili: nguvu zilizokupa namba kwenye timu hazimfundishi mtu mwingine. Kinachomfundisha ni macho yako.

Mchukue kijana anayetoka futiboli mwezi Novemba. Hatua zake kumi za kwanza utazipenda, maana amezoea kuchomoka. Sasa simama kwenye mita ya 60 umtazame usoni. Taya imekaza, ngumi zimefumbwa, mabega yamepanda. Hapo ndipo wenzake wanampita. Ukimpigia kelele aongeze bidii, atazidi kukaza. Mwambie alegeze taya, basi. Mara nyingi mabega yatashuka yenyewe.

Halafu kuna mapumziko, na hapa sisi wa futiboli ni wagumu kweli, kwa sababu tumelelewa tuamini kwamba asiyehema hajafanya mazoezi. Kasi haijengwi kwa uchovu. Kipimo wanachotumia makocha wengi ni dakika moja ya kupumzika kwa kila mita 10 za kasi kamili: mita 30, dakika tatu. Mzazi akiuliza mbona watoto wamekaa, mweleze kwa upole.

Usimlazimishe mtoto achague mchezo mmoja mapema. Bob Hayes wa chuo cha Florida A&M alichukua dhahabu ya mita 100 Tokyo mwaka 1964, na Januari 1972 akashinda Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, akiwa na timu ya Dallas Cowboys. Ila zungumza na kocha wa futiboli kila wiki. Yeye akimbebesha vyuma vizito vya miguu Jumatatu, nawe ukampa mbio za kasi Jumanne, msuli wa nyuma ya paja ndio utakaolipa.

Na kama bado uko chuoni, usingoje umalize. Siku ukiwa majeruhi, usibaki bwenini. Mwombe kocha wako akupe saa na daftari. Andika umbali, muda, mapumziko, na kitu kimoja ulichokiona kwa kila mkimbiaji. Jioni mwonyeshe, umuulize yeye aliona nini.