Kwa nini magari ya langalanga hayafunikwi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimependa mbio za magari tangu utotoni, tulipokuwa tukijipanga kando ya barabara kuyatazama ya Safari Rally. Magari ya rali yana paa na milango, lakini dereva wa langalanga, yaani Formula 1, huachwa kichwa nje ilhali mwendo wake hupita kilomita 300 kwa saa. Ndege za kivita zina kifuniko cha kioo kigumu. Kwa nini na magari haya yasifunikwe hivyo? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, wazo lako limekwisha kujaribiwa. Mwaka 2011 watafiti wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, walifyatua gurudumu la kilo 20 kwa mwendo wa kilomita 225 kwa saa likapiga kifuniko cha ndege aina ya F-16, nacho kikalirusha kando. Haja yenyewe ilikuwa wazi. Julai 2009 gurudumu lililochomoka kwenye gari la mwenzake lilimuua Henry Surtees, kijana wa miaka 18, huko Brands Hatch, na siku sita baadaye springi iliyodondoka kutoka gari la Rubens Barrichello ilimpiga Felipe Massa kwenye kofia nchini Hungaria, akanusurika.

Kizuizi kikubwa ni namna ya kutoka. Novemba 2020, nchini Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipenya uzio wa chuma, likakatika vipande viwili na kuwaka moto. Halo, yaani ule upinde wa titani uliofungwa juu ya kiti cha dereva tangu 2018, uliukinga uso wake dhidi ya chuma, na kwa kuwa juu palikuwa wazi alijikwamua, akatoka motoni baada ya sekunde 27. Kama angekuwa chini ya kifuniko kilichopindwa na kishindo kile, nani angekifungua? Fikiria pia gari la Zhou Guanyu lililopinduka Silverstone mwaka 2022, likanasa kati ya matairi ya kinga na uzio: kifuniko kinachofunguka kuelekea juu kisingefaa kitu.

Yapo pia matatizo ya mvua, ukungu, mafuta yanayorukia kioo na joto. Sebastian Vettel alipojaribu kioo cha mbele mwaka 2017 alilalamika kwamba kilimtia kizunguzungu.

Wapo wanaopinga kinga yoyote kwa hoja kwamba uwazi ndio asili ya langalanga. Hoja hiyo siikubali hata kidogo, kwa maana asili ya mchezo haina uzito kuliko uhai wa mtu. Grosjean mwenyewe aliipinga Halo hapo awali, kisha akakiri kwamba bila hiyo asingekuwa hai kusimulia.

Hata hivyo Halo ina pengo: kitu kidogo kama ile springi kinaweza kupita kando ya nguzo yake. Kwa sababu hiyo napendelea mfumo wa IndyCar, mbio za Marekani za magari yanayofanana na haya, ambako mwaka 2015 Justin Wilson alifariki baada ya kupigwa kichwani na kipande cha pua ya gari lililogonga ukuta. Tangu 2020 magari yao yana Aeroscreen, kioo cha polikaboneti (plastiki ngumu inayoangaza) kilichoshikwa na fremu ya titani, chenye vipashajoto vya kuondoa ukungu na kilicho wazi juu. Madereva walilalamikia joto, zikaongezwa njia za hewa. Formula 1 ingefanya vyema kuufuata mfano huo. Kufunika kabisa sitakuunga mkono hadi mafundi watakapobuni kifuniko ambacho dereva ataweza kukiondoa mwenyewe, gari likiwa limepinduka na linawaka.