Asilimia ya nafasi chuoni: faili la mwanafunzi husomwaje hasa

Dada, umeuliza kama binti yako aliye darasa la 11 huko Marekani, mwenye wastani wa 3.9 (kipimo cha kawaida huishia 4), alama 1490 kati ya 1600 za SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, uongozi wa klabu ya midahalo na nia ya kusoma sayansi ya kompyuta, ana nafasi ya asilimia ngapi katika vyuo vinane ulivyovitaja, ambavyo vyote hupokea chini ya mwombaji mmoja kati ya kumi. Walionitangulia wamekupa asilimia zao. Mimi sitakupa. Nilifanya kazi ya msimu kwa miaka miwili nikisoma maombi katika chuo binafsi cha aina hiyo, na yale ambayo ningeyatafuta kwanza katika faili la binti yako hayamo katika maelezo yako.

Tulikuwa na kama dakika kumi na tano kwa kila faili, na tulifundishwa kuanza na wasifu wa shule kabla ya kugusa matokeo au insha. Wasifu huo ni karatasi chache ambazo mshauri wa shule huambatisha, zikieleza shule inafundisha masomo gani ya juu, alama za wanafunzi wake zimegawanyikaje, na wahitimu wake huelekea wapi. Alasiri moja nilisoma faili mbili zilizofuatana. La kwanza lilikuwa la kijana mwenye 1390, kutoka shule yenye masomo matano tu ya AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, naye alikuwa ameyasoma yote matano, huku wastani wa SAT shuleni kwake ukiwa chini ya 1000. La pili lilikuwa la binti mwenye 1540, kutoka shule yenye masomo ya AP zaidi ya ishirini, ambaye alichukua sita na kuacha fizikia na hesabu ya juu, ingawa aliomba uhandisi. Wa kwanza alifika mbele ya kamati. Wa pili hakufika. Kwa hiyo 3.9 ya binti yako haina maana yoyote kwangu mpaka nijue shule yake inatoa nini na yeye alichagua nini.

Hata namba zikiwa nzuri, kazi yake ni kulifanya faili lisomwe kwa makini, na hapo huishia. Katika kesi ya udahili dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard, ile iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023, ilibainika kuwa katika mwaka mmoja wa udahili waombaji zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili, ilhali waliopewa nafasi walikuwa takriban 2,000 tu. Mtu anayekuambia kwamba wastani kamili ni asilimia fulani ya nafasi amesahau kwamba wenye wastani huo hawatoshei mlangoni.

Kuhusu 1490, tafuta taarifa iitwayo Common Data Set, ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka, kisha fungua sehemu ya C. Humo mna alama za robo ya chini na robo ya juu ya walioandikishwa (alama ambayo robo yao wako chini yake, na ile ambayo robo yao wako juu yake), na pia jedwali linaloonyesha chuo kinathamini nini zaidi. Watu huona alama ya mtoto imeangukia katikati wakafurahi. Kumbuka kwamba katika robo ya chini wamo wanamichezo walioitwa na makocha na watoto wa wahitimu wa chuo hicho, kwa hiyo asiye na msukumo wa namna hiyo ajipime kwa robo ya juu. Tena, chuo kisicholazimisha mtihani huchapisha alama za wale waliozituma tu, nao kwa kawaida ndio waliofanya vizuri. Chuo cha teknolojia cha MIT kilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, na vyuo vingine kadhaa vikafuata; vyuo vikuu vya umma vya California havizitazami alama hizo kabisa. Angalia sharti la kila chuo kwa mwaka wake wa kuomba.

Fani ndiyo iliyonitia wasiwasi kuliko yote. Katika baadhi ya vyuo vikuu, kama University of Washington na kile cha Illinois huko Urbana-Champaign, mwombaji wa sayansi ya kompyuta hupimwa katika kundi lake, ambalo ushindani wake ni mkali mno kuliko ule wa chuo kizima. Asilimia ya jumla unayoiona kwenye tovuti haimhusu.

Umeuliza pia juu ya uamuzi wa mapema, ule unaomfunga mwanafunzi kujiunga akikubaliwa, ambao tarehe yake ya mwisho mara nyingi ni 1 Novemba. Unasaidia, lakini si kwa kiasi kinachotangazwa. Tuseme chuo kina waombaji 30,000 na kinapokea 3,000. Kati ya 4,000 walioomba mapema, 800 wamekubaliwa, yaani asilimia 20. Waliobaki ni 2,200 kati ya 26,000, asilimia 8.5 hivi. Tofauti hiyo inavutia, ila sehemu kubwa ya wale 800 huenda ni wanamichezo na watoto wa wahitimu niliowataja. Na anayejifunga hana tena nafasi ya kulinganisha ufadhili wa chuo kimoja na kingine.

Hapo namrudia yule kijana wa 1390. Kamati ilimpenda. Mwisho wa msimu, fedha za ufadhili zilipokaribia kwisha, alihamishiwa kwenye orodha ya kusubiri, na nafasi yake ikachukuliwa na mwombaji asiyehitaji msaada. Sikuupenda uamuzi huo wakati ule na bado siupendi, lakini chuo hicho hakikuvunja kanuni yake: kilikuwa kimeeleza wazi kwamba uwezo wa kulipa huzingatiwa. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst havizingatii hilo, hata kwa wanafunzi wa nje. Vingine vingi hulizingatia, hasa kwa wageni.

Sheria ya Marekani inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kwa ajili ya wanafunzi viweke kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Ukae nacho wewe na baba yake, mkiwa na taarifa za kodi mkononi, kabla ya kuzungumzia chuo chochote na binti, mkikumbuka kwamba makadirio yake huwalenga wakazi wa Marekani. Kisha niletee kiasi mnachoweza kulipa kwa mwaka, jimbo mnaloishi, wasifu wa shule yake, na orodha ya masomo aliyochukua tangu darasa la 9 pamoja na yale atakayochukua mwakani. Nikiwa na hivyo nitakuambia kipi kati ya vile vinane kibaki, na vipi vinne au vitano visivyo na ushindani wa namna hiyo viongezwe.