Kutambua tishu kwenye hadubini: usianze na rangi

Mkuu, umesema uko mwaka wa kwanza wa utabibu, mtihani wa vitendo umekaribia, na slaidi zote unaziona pinki na zambarau tu. Kwenye jaribio umekosa tatu: kano umeiita misuli laini, mafuta umeyaita mapafu, kibofu cha mkojo umekiandika umio. Makosa hayo hayo huwakamata wengi, na kila moja lina sababu yake. Mchangiaji mwingine hapo juu ameuliza kwa nini slaidi za utumbo wa mbuzi walizotengeneza wenyewe hazina epithelia kabisa, yaani safu ya seli inayofunika uso wa kiungo. Lake nalijibu mwishoni.

Rangi kwanza, ili tuachane nayo. Karibu slaidi zote za darasani hupakwa hematoksilini na eosini. Hematoksilini hushika vitu vyenye asili ya tindikali, hasa DNA na RNA, ndiyo maana viini vya seli huwa bluu au zambarau. Eosini hushika protini za saitoplazimu (ujazo wa seli nje ya kiini) na kolajeni (protini ya nyuzi nje ya seli), nazo huwa pinki. Kila tishu ina viini na ina protini, kwa hiyo kila tishu itakuwa na rangi zote mbili. Tena slaidi iliyokaa miaka mingi karibu na dirisha eosini yake hupauka, na iliyosahaulika ndani ya hematoksilini huwa zambarau mwanzo mwisho. Rangi inakuonyesha kiini kiko wapi. Basi.

Kabla ya kuiweka slaidi kwenye hadubini, inue uitazame kwa macho dhidi ya mwanga. Utaona kama kipande ni duara lenye tundu, au kimejaa chote, au kina mikunjo upande mmoja. Halafu anza na lenzi inayokuza mara 4, uzunguke kipande chote, nenda ya 10, ndipo ya 40. Ya 100 yenye mafuta iache kwa ajili ya damu. Anayerukia lenzi ya 40 anaona eneo lisilofika hata nusu milimita kwa upana: seli ziko wazi, lakini hajui yuko sehemu gani ya kiungo. Na tafuta rula. Iko ndani ya slaidi yenyewe: seli nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8, na karibu kila kipande kina mshipa mdogo wenye seli hizo. Kila unachokiona kilinganishe nazo.

Sasa tafuta uwazi. Nafasi nyeupe ya kweli ina safu ya seli pembeni. Mpasuko uliotokea wakati wa kukata una kingo zilizochanika, na ukiziangalia pande mbili zinaonekana zinafanana. Seli zinazopakana na uwazi wa kweli zimebanana bila kitu cha maana katikati yake, zimekaa juu ya utando wa msingi, na ndani ya safu hiyo hakuna mshipa wowote wa damu. Hiyo ni epithelia. Chakula na oksijeni huifikia kwa kupenya kutoka tishu unganishi iliyo chini, hivyo ukikuta kapilari (mshipa mwembamba kabisa wa damu) jua umeshavuka mpaka. Utando wa msingi wenyewe usijisumbue kuutafuta, kwa rangi hizi hauonekani vizuri.

Hapo ndipo ulipoangukia kwenye kibofu. Uliona matabaka mengi, ukaishia hapo. Umio na kibofu vyote vina matabaka mengi, ila jina la epithelia hutokana na umbo la seli za safu ya juu kabisa, zile zinazogusa uwazi. Kwenye umio seli za juu zimelala bapa na viini vyake vimelala sambamba na uso. Kwenye kibofu seli za juu ni kubwa, za mviringo, zimebinuka kuelekea kwenye uwazi, na baadhi zina viini viwili. Zimeumbwa hivyo kwa sababu kibofu hujaa na kumwaga mkojo: kikiwa tupu utahesabu matabaka 5 hadi 7, kikivutwa yanabaki mawili au matatu na seli za juu zinakuwa bapa. Kwa hiyo slaidi ya kibofu kilichovutwa inaweza kukudanganya. Ikitokea hivyo shuka chini. Ukuta wa kibofu una mafungu mazito ya misuli laini yanayokwenda pande zote bila mpangilio. Umio una matabaka mawili ya misuli yaliyopangika, la ndani likizunguka na la nje likienda urefu, na kwenye theluthi ya juu misuli hiyo ina milia.

Mtego mwingine wa epithelia ni trakea, bomba kuu la hewa. Viini viko juu na chini, unafikiri ni matabaka, kumbe ni safu moja. Ni kama wanafunzi warefu na wafupi mstarini: vichwa havilingani, lakini kila mmoja anakanyaga chini. Kitakachokuhakikishia ni silia. Kwenye lenzi ya 40 silia huonekana nywele moja moja, urefu wake unakaribia seli nyekundu ya damu. Maikrovili, vinyuzi vya juu ya seli za utumbo mwembamba, ni fupi mno, kama mikromita 1, hivyo huoni nywele, unaona mstari wa pinki tu juu ya seli. Silia husukuma ute wenye vumbi kwenda juu kooni. Maikrovili huongeza eneo la kunyonya chakula. Ukitofautisha hivyo viwili hutachanganya trakea na utumbo tena, hata kama vyote vina seli zinazotoa ute, ambazo utaziona kama vishimo vyeupe katikati ya safu.

Pia usisahau pembe ya kisu. Epithelia ya safu moja ikikatwa mshazari huonekana ina matabaka matano. Ukiona sehemu moja ya duara ina safu moja na upande wa pili ina nyingi, amini ile yenye safu moja.

Tuje kwenye kano, ambayo kwa maoni yangu ndiyo slaidi ngumu kuliko zote za mwaka wa kwanza, kwa sababu ina wenzake wawili wanaofanana nayo: misuli laini na neva. Zote tatu ni nyuzi za pinki zinazokwenda upande mmoja. Acha nyuzi, uliza kiini kiko wapi. Kwenye kano, pinki unayoiona si seli, ni kolajeni iliyo nje ya seli. Viini ni vichache, vyembamba sana, vimebanwa kwenye mistari kati ya nyuzi. Kwenye misuli laini, pinki ndiyo seli yenyewe, na kiini kimo ndani yake, katikati, kirefu chenye ncha butu. Misuli ikiwa ilijikunja wakati wa kuhifadhiwa, kiini nacho hujisokota. Viini huwa vingi kuliko vya kano. Ukikutana na misuli laini iliyokatwa kwa upana utaona viduara vya ukubwa tofauti, vingine vina kiini, vingine havina, kwa kuwa seli imechongoka ncha zote mbili na kisu hupita popote.

Neva iko rangi hafifu kuliko hizo mbili na inakwenda kwa mawimbi, imezungushiwa ganda la tishu unganishi. Ikikatwa kwa upana ndiyo rahisi: kila aksoni (uzi wa seli ya neva) ni nukta ndogo iliyozungukwa na pete nyeupe. Pete hiyo ilikuwa mayelini, ambayo ni mafuta, na mafuta huyeyuka kwenye alkoholi na zailini (kimiminika kinachoondoa alkoholi kabla ya nta) wakati wa kutengeneza slaidi.

Sababu hiyo hiyo ndiyo iliyokuponza kwenye slaidi ya mafuta. Seli ya mafuta ikiwa hai ina tone moja kubwa. Maabara imeliyeyusha, limebaki tundu jeupe, kiini kimesukumwa pembeni kikawa bapa. Vitundu vyeupe vingi vikikaa pamoja vinafanana na vifuko vya hewa vya mapafu. Toa rula yako: seli ya mafuta huwa kama mikromita 50 hadi 100, kifuko cha hewa kama 200. Kisha angalia ukuta. Kuta za mapafu zimejaa kapilari zenye seli nyekundu, vifuko vinafunguka kuingia kimoja kwenye kingine, na karibu yake lazima utakuta bomba la hewa. Tundu la mafuta limefungwa pande zote. Anayetaka kuyaona mafuta yenyewe lazima akate kipande kilichogandishwa na kutumia rangi kama Oil Red O.

Gegedu na mfupa ni rahisi, nitapita haraka. Gegedu: eneo pana laini lisilo na mishipa ya damu, seli zimekaa ndani ya vijishimo, mara nyingi mbili au nne pamoja. Kukosa damu ndiko kunakofanya gegedu la goti likiharibika lichelewe au lisipone. Mfupa una duara ndani ya duara kuzunguka mfereji wa mishipa. Kwenye mfupa uliosagwa vijishimo ni vyeusi kwa sababu vimejaa hewa, seli hazipo. Kwenye uliotolewa chokaa kwa asidi, kila kitu ni pinki na seli zinaonekana. Uliza chuo chenu wanatumia upi.

Misuli yenye milia ni miwili. Ya mifupa: nyuzi ndefu, viini vingi vilivyosukumwa ukingoni. Ya moyo: nyuzi zina matawi, kiini kimoja au viwili katikati, na mistari myeusi ya kukatiza ambapo seli mbili zimeungana. Milia isipoonekana, usiongeze mwanga. Punguza, kwa kufunga kidogo kiwambo cha kondensa, lenzi inayokusanya mwanga chini ya slaidi.

Sasa mwenye utumbo wa mbuzi. Epithelia haikukosekana, ilioza. Vimeng'enya vya utumbo huanza kuila mara tu damu inaposimama, na safari ya kutoka machinjioni hadi chuoni ndani ya mfuko wa plastiki inatosha kuimaliza. Nenda na chupa ya formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) ya asilimia 10 machinjioni kwenyewe. Kata kipande, pitisha formalini ndani ya tundu lake, kisha kitumbukize. Unene wa kipande usizidi milimita 4, kwa sababu formalini hupenya polepole, na ujazo wake uwe mara 10 hadi 20 ya kipande. Acha saa 24. Alkoholi ya kutoa maji ipande hatua kwa hatua, asilimia 70, 95, halafu 100 mara mbili. Ukibakiza maji, nta ya kushikilia kipande haiingii na kipande kinapasuka kisuni. Kata mikromita 4 hadi 5. Maji ya kutandazia yawe nyuzijoto 40 hadi 45: yakiwa baridi kipande hakikunjuki, yakiwa moto sana kinatawanyika.

Formalini yenyewe changanyeni vizuri, penye hewa na mkiwa na glovu: mililita 100 za formaldehaidi ya dukani ya asilimia 37 hadi 40, maji safi mililita 900, gramu 4 za sodiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 6.5 za daisodiamu haidrojeni fosfeti. Bila chumvi hizo inageuka tindikali na kuacha vitone vya kahawia iliyokolea kwenye sehemu zenye damu nyingi, na mwanafunzi atakayekuja baada yenu ataandika kwamba ameona melanini, rangi asilia ya ngozi.